Machakos hadi Rwanda kwa gari na hema: namna ya kubeba pesa kwenye simu bila kukwama njiani

Saa nne usiku, mama ameshazima taa kule Mwala. Simu inalia. Sauti asiyoijua inamwambia: "Mama, mwanao amepata ajali karibu na Kabale. Yuko hospitali, hawezi kuongea. Wanataka elfu kumi na tano sasa hivi ndiyo ashughulikiwe. Tuma kwa hii namba."

Mama anampigia mwanawe. Hapatikani. Anapiga tena. Hapatikani.

Mwanawe yuko salama kando ya Ziwa Bunyonyi, anachoma nyama na wenzake mbele ya hema. Laini yake haishiki mtandao wa Uganda kwa sababu hakuiandaa kabla ya kuvuka mpaka. Tapeli naye aliona picha alizoweka mtandaoni mchana, akajua yuko mbali.

Kisa hiki tumekitunga ili tujifunze, lakini mbinu hiyo ya utapeli ipo. Ukiangalia vizuri utaona kwamba pesa za safari haziko kwa msafiri peke yake. Ziko pia kwa mama nyumbani, kwa mweka hazina wa kikundi, na kwa mwenye kambi uliyemtumia malipo ya kushikia nafasi. Somo la leo linafuata safari moja, Machakos hadi Rwanda na kurudi, na kila kituo kina funzo lake la pesa.

Safari yenyewe kwa ufupi

Rwanda ni nchi ndogo. Ina kilomita za mraba 26,338, yaani kama mara nne tu ya kaunti ya Machakos. Kutoka Machakos unashuka hadi Kyumbi, unashika barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi, kisha Nakuru, Eldoret na mpaka wa Malaba. Ndani ya Uganda unapita Jinja, unavuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa 2018, unafika Kampala. Kutoka hapo ni Masaka, Mbarara, Kabale, halafu mpaka wa Gatuna. Kigali iko kama kilomita 80 mbele. Kwa jumla hesabu kilomita 1,200 hivi kwenda tu.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka hii kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Gari nalo lina karatasi zake: logbuku, barua ya ruhusa ikiwa gari si lako, na bima ya COMESA inayoitwa Kadi ya Njano. Kadi hiyo ulizia kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Usingoje kufika Malaba.

Jambo moja la dereva: Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Ukivuka Gatuna unabadilisha upande papo hapo. Kamera za mwendo ni nyingi, kwa hivyo fuata vibao. Faini haikuwa kwenye bajeti yako.

Somo la 1: Pesa zijulikane kabla ya gari kuwashwa

Tuchukue mfano wa marafiki sita wenye gari moja. Wanataka kusafiri siku 10. Kila mmoja anaweka shilingi 3,000 kwa mwezi kwa miezi 10. Hiyo ni 30,000 kwa kila mtu, na 180,000 kwa wote.

Hesabu yao inaweza kuwa hivi:

- Mafuta: kilomita 3,300 kwa jumla, gari linakula lita 1 kwa kilomita 10. Ni lita 330. Tukikadiria shilingi 180 kwa lita, ni kama 60,000.
- Kambi: usiku 9, watu 6, shilingi 800 kwa kila mtu. Ni 43,200.
- Chakula: siku 10, watu 6, shilingi 700 kwa siku. Ni 42,000.
- Bima na karatasi za gari: 10,000.

Jumla ni 155,200. Zinabaki 24,800. Hizo ndizo pesa za dharura, na ni karibu 14 kwa mia ya mfuko wote. Msizile kabla ya wakati kwa sababu tu mmeona nyama nzuri njiani.

Bei hizi ni za mfano. Badilisha uweke zako. Kwa upande wa Kenya, bei ya mafuta hutangazwa upya na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo rudia hesabu yako wiki ya kuondoka.

Angalia pia kile ambacho hakimo: ada za mbuga. Kuona sokwe wa milimani kule Volcanoes kunamgharimu mgeni wa kutoka nje ya Afrika dola 1,500 kwa kibali kimoja. Hata kama bei yako ni tofauti, shughuli ya aina hiyo kila mtu ajilipie mwenyewe. Mfuko wa kikundi ulipie tu kile ambacho wote wanatumia. Vikundi vingi huanza kununiana pale mmoja anapolipiwa raha ambayo mwingine hakuitaka.

Somo la 2: Fanyeni jaribio karibu na nyumbani

Kabla ya Rwanda, nendeni Ol Donyo Sabuk mwishoni mwa wiki. Mlima uko ndani ya kaunti yetu, una mita 2,145, na hifadhi yake ina sehemu ya kupiga kambi. Ada za hifadhi za KWS hazipokelewi kwa pesa taslimu, zinalipwa kupitia eCitizen. Hapo mtajifunza mambo matatu kwa gharama ndogo.

Kwanza, nani analipa na nani anahifadhi ujumbe wa malipo. Anayelipa apige picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp papo hapo, akiandika ni ya nini. "Kiingilio watu 6." Basi.

Pili, simu zenu zinakaa na chaji muda gani. Hema halina soketi. Simu ikizima, pochi yako imefungwa. Powabanki mbili kwa gari moja ni kitu cha lazima, sawa na gurudumu la akiba.

Tatu, nani katika kikundi hukasirika akiulizwa hesabu. Ni afadhali mjue hilo Kilimambogo kuliko mlijue Kigali.

Somo la 3: Malipo ya kushikia kambi

Kambi nyingi, ziwe za Bunyonyi au za kando ya Ziwa Kivu kule Rubavu na Karongi, zinaweza kukuomba utangulize pesa kidogo ili wakuwekee nafasi. Hapa ndipo matapeli hupenda kukaa. Wanachukua picha za kambi halisi, wanaweka namba yao, wanasubiri.

Kabla ya kutuma, fanya hivi:

1. Tafuta namba ya kambi mahali pawili tofauti. Zikitofautiana, simama kwanza.
2. Piga simu na uongee na mtu. Muulize: "Nikituma, jina gani litatokea?" Liandike.
3. Simu ikikuonyesha jina kabla ya kuthibitisha, lisome. Kama si lile uliloambiwa, katisha muamala. Usikubali "hiyo ni laini ya mke wangu".
4. Tuma kiasi kidogo cha kushikia tu. Zilizobaki utalipa ukifika na kuona hema lako litasimama wapi.
5. Omba risiti yenye tarehe za kulala, idadi ya watu na kiasi ulicholipa.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, usimpigie mpokeaji kumbembeleza kwanza. Omba kurudishiwa pesa kupitia menyu ya huduma yako au huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Kila dakika inayopita inampa mpokeaji nafasi ya kuzitoa, na zikishatoka kurudi kwake ni kazi ngumu.

Somo la 4: Andaa laini yako ukiwa bado Kenya

Hili ndilo lingemwokoa mama wa Mwala. Ukiwa bado nyumbani:

- Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi. Uliza bei ya kupiga, kupokea na bando za intaneti. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana 2014 kupunguza gharama za simu baina yao, lakini intaneti ina bei zake, kwa hivyo nunua bando mapema.
- Hakikisha jina kwenye laini ni lako. Kama laini imesajiliwa kwa jina la binamu, ukiipoteza Mbarara hutaweza kuirudisha.
- Weka namba ya siri mpya ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Usiiandike kwenye simu, na usimpe hata dereva mwenzako.
- Andika namba za watu wanne muhimu kwenye karatasi. Ukipoteza simu, kichwa huwa hakikumbuki hata namba ya mama.

Halafu kaa na watu wa nyumbani mkubaliane mambo mawili. La kwanza ni saa ya kupiga simu. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiahidi kupiga saa tatu usiku ya Kigali, kwa mama ni saa nne, naye atakuwa amelala ama ana wasiwasi. Semeni saa ya nyumbani.

La pili ni swali la siri. Yeyote akipiga kuomba pesa kwa ajili yako, mama amuulize kitu ambacho mgeni hawezi kujua: ng'ombe wetu wa kwanza aliitwa nani? Asiyejua jibu, hapati hata shilingi. Na mama ajue kwamba hakuna kosa kumwambia mpigaji, "Ngoja nimpigie mwenzake wa safari kwanza." Ndiyo maana mama anapaswa kuwa na namba za watu wawili ndani ya gari hilo, isiwe yako tu.

Somo la 5: Mfuko mmoja, mifuko mitatu

Msibebe pesa zote kwenye laini moja. Gaweni hivi: nusu kwa mweka hazina, robo kwa msaidizi wake, robo ibaki kwenye akaunti ya akiba isiyoguswa bila watu wawili kukubaliana. Simu moja ikianguka ziwani, safari haiishi.

Kuna pesa ndogo za mkononi pia. Kule Namawojjolo karibu na Mukono, wauzaji watakimbilia gari wakiwa na kuku wa kijiti na gonja ya kuchoma. Lukaya, barabara ya Masaka, ni hivyohivyo. Foleni inasukuma na dereva hana dakika tano za kubonyeza simu. Beba noti ndogo za shilingi za Uganda kwa mambo kama haya.

Somo la 6: Kubadilisha pesa bila kuliwa

Mpakani utakutana na watu wenye mabunda ya noti mkononi. Wengine watakuhesabia haraka haraka na kukuvuruga. Nenda kwenye kibanda chenye leseni au benki, hesabu mwenyewe mbele yao kabla ya kuondoka, na usihesabu ukiwa nje barabarani.

Hesabu sasa. Tuseme kibanda kinakupa faranga 9.5 za Rwanda kwa shilingi 1. Huduma ya kutuma pesa nje kwa simu inakupa faranga 9.8, lakini inatoza shilingi 200 kwa kila muamala. Viwango hivi ni vya mfano tu.

Una shilingi 10,000. Kibandani unapata faranga 95,000. Kwa simu, toa 200, zinabaki 9,800, zidisha kwa 9.8, unapata 96,040. Simu imeshinda kwa faranga 1,040.

Sasa una shilingi 2,000. Kibandani unapata 19,000. Kwa simu, 1,800 mara 9.8 ni 17,640. Kibanda kimeshinda.

Umeona? Ada isiyobadilika huumiza pesa ndogo. Kwa hivyo usitume vijisenti mara tano kwa siku. Tuma mara moja kiasi cha siku tatu. Na kabla ya kubonyeza kukubali, soma mistari miwili kwenye skrini: ada, na kiasi atakachopokea mtu wa upande wa pili. Huo wa pili ndio unaokwambia ukweli.

Somo la 7: Kulipa ukiwa ndani ya Rwanda

Rwanda kuna mitandao miwili mikubwa, MTN na Airtel, na kulipa kwa simu ni jambo la kawaida hata kwa bodaboda. Madukani utaona kodi ya mfanyabiashara imebandikwa ukutani. Mwenye laini ya MTN ya huko hulipa kwa *182*8*1# kisha anaweka kodi na kiasi. Ni kama namba ya till kwetu.

Kama utakaa siku kadhaa, mtu mmoja katika kikundi anaweza kusajili laini ya huko dukani kwa jina lake mwenyewe. Uliza wanakubali kitambulisho gani, na ikiwa una pasipoti, ibebe. Kisha mweka hazina anamtumia pesa kutoka Kenya kwa muamala mmoja mkubwa, naye analipa kwa niaba ya wote. Usinunue laini iliyokwisha sajiliwa barabarani. Mwenye jina ndiye mwenye pesa.

Kumbuka Umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano, wananchi hufanya kazi za jamii na maduka mengi hufungwa. Ajenti pia atakuwa amefunga. Toa pesa na jaza mafuta Ijumaa.

Na mifuko ya plastiki iacheni Kenya, ingawa hata kwetu imepigwa marufuku tangu 2017. Rwanda waliipiga marufuku 2008. Kiondo cha nyumbani kinatosha kubebea nyanya na mkaa.

Mkimaliza upande wa Kivu, mnaweza kuelekea mashariki hadi mbuga ya Akagera, ambako simba walirudishwa 2015 na vifaru 2017, na kuna sehemu za kupiga kambi ndani ya mbuga. Kwa malipo ya mbuga, ulizeni mapema wanapokea njia gani. Huko porini usitegemee kupata ajenti wala mtandao wa uhakika. Kutoka Akagera mpaka wa Kagitumba uko karibu, na mnaweza kurudi Uganda kwa njia hiyo bila kupita Gatuna tena.

Ni vizuri kujua njia mbili. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na ikafunguliwa tena 31 Januari 2022. Mipaka ina mambo yake. Pesa za dharura ni kwa ajili ya siku kama hizo pia.

Somo la 8: Simu ikipotea

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Kwa simu ya mwenzako, piga huduma kwa wateja ufunge laini na akaunti ya pesa.
2. Mjulishe mama na mweka hazina. Waambie wasitume chochote kwa namba yako hadi uwaambie kwa sauti.
3. Andikisha polisi wa mahali ulipo, uchukue barua.
4. Tumieni mfuko wa msaidizi. Ndiyo kazi yake.
5. Ukifika Kenya, rudisha laini yako kwa kitambulisho chako.

Somo la 9: Mkirudi, fungeni hesabu

Ndani ya siku saba, mweka hazina aweke kwenye kundi taarifa ya miamala ya siku zote za safari, iliyotoka kwenye huduma yenyewe, pamoja na orodha ya pesa taslimu. Kilichobaki kigawanywe sawa kwa simu, kila mtu akiandika "nimepokea". Hata kama ni shilingi 400. Urafiki wa miaka kumi umewahi kuvunjika kwa pesa ndogo kuliko hizo.

Jipime

*1. Una shilingi 5,000 na viwango ni vile vya Somo la 6. Kibandani au kwa simu?*
Kibandani. Unapata faranga 47,500. Kwa simu ni 4,800 mara 9.8, yaani 47,040.

*2. Mwenye kambi alisema jina litakalotokea ni la kambi. Limetokea jina la mtu. Unafanya nini?*
Unakatisha, unapiga tena namba uliyoithibitisha. Hutumi kwanza na kuuliza baadaye.

*3. Leo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi na mko Musanze. Kazi ya jioni ni ipi?*
Kutoa pesa za matumizi na kujaza mafuta, maana kesho asubuhi ni Umuganda.

*4. Saa nne usiku mtu asiyejulikana anampigia mama kuomba elfu kumi na tano. Mama anafanya nini?*
Anauliza jina la ng'ombe wa kwanza. Kisha anakata, anampigia mtu wa pili ndani ya gari. Na kwa kuwa laini ziliandaliwa Machakos, simu inaita, inapokelewa, na mama anasikia vicheko vya watu walioketi kando ya moto. Anarudi kulala na elfu kumi na tano zake.